"Penetrate" na "kupenya": ni ndugu, au zafanana sura tu?

MtafsiriWaKibokoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina mpwa wangu yuasoma kuchomelea vyuma kwenye chuo kimoja hapa Mombasa. Jumapili alikuja nyumbani na daftari lake akanionyesha mstari mmoja: "penetration – kupenya". Nikamwambia vyema. Akasema, "Mjomba, tumeambiwa hili neno letu tulilipata kwa Waingereza. Si waona, *pene* na *penya*?" Nikanyamaza, kwa kuwa si mara ya kwanza kulisikia hilo. Nimelisikia kwa watu wazima, tena waliosoma.

Nimekaa nalo siku tatu. Naliweka hapa, na mwenye zaidi aongeze.

Nianze na la Kiingereza. *Penetrate* hawakuwa nalo Waingereza wenyewe. Ni la Kilatini, *penetrare*, na liliingia kwao katika karne ya 16, zama ambazo wasomi wao walikuwa wakichota maneno ya Kilatini moja kwa moja vitabuni. Jirani ya kitenzi hicho kuna *penitus*, yaani ndani kabisa, na kuna *penus*. Hapo kwenye *penus* ndipo niliposimama. Maana yake ni chakula cha akiba cha nyumba, na pia mahali kinapowekwa, ile stoo ya ndani asiyoiona mgeni. Warumi walikuwa na miungu ya kuilinda akiba hiyo, wakiwaita Penates, na hao wakaja kuwa miungu ya nyumba nzima. Hata kwenye hekalu la Vesta mjini Roma palikuwa na mahali pa ndani palipoitwa *penus*, na hapakuwa pa kila mtu kuingia.

Kwa hiyo neno hili chimbuko lake halina sindano wala msumari. Lina nyumba. Ni mtu aliyevuka kizingiti, akapita vyumba, akafika kule nyuma kunakowekwa akiba. Sisi wa Mwambao twapaswa kulielewa haraka kuliko wengine, maana nyumba zetu za mawe za kale, hasa za Lamu, zimejengwa hivyo hivyo: daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa kati), misana (vyumba virefu vinavyofuatana), halafu ndani. Mgeni wa kawaida aishia dakani. Kadiri unavyoruhusiwa kusogea ndivyo unavyojulikana kuwa wewe ni nani kwa watu wa nyumba ile.

Sasa *kupenya*. Hili laanzia kwengine kabisa. Upenyo ni mwanya mwembamba. Jua lapenya kwenye makuti. Tuktuk yapenya kati ya matatu mbili pale Marikiti, wewe abiria ukashika roho. Kwenye hesabu, kipenyo ni mstari unaokata duara toka ukingo huu hadi ukingo ule, ukipita katikati. Penyenye ni habari iliyopita pembeni, isiyotangazwa na mtu.

Hivi ndivyo nionavyo: Kilatini, na Kiingereza nyuma yake, chauliza umefika wapi. Kiswahili chauliza umepita wapi. La kwanza latazama kina, la pili latazama wembamba wa njia. Kufanana kwao ni kwa sauti tu. Mwaonaje?

BintiMvita

Shikamoo maalim. Nimefurahi kusoma. Lakini kama si Waingereza, haiwezi kuwa ni Wareno? Wao husema *penetrar*, na walikuwa hapa zamani kabla ya Mwingereza. Ngome yenyewe, Fort Jesus, walianza kuijenga 1593 na wakatolewa 1698. Meza, bendera, leso, gereza, yote si yao?

MtafsiriWaKibokoni

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na ndilo nililokuwa nikilingoja.

Yahesabu hayo uliyoyataja, kisha ongeza karata, mvinyo, kopo, pera. Utaona karibu yote ni majina ya vitu: vya mezani, vya chomboni, vya anasa. Gereza ni *igreja*, kanisa. Na kwa bahati ya mambo ngome ile ile ilikuja kuwa jela kweli chini ya Waingereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Wareno walituachia vitu na majina yake. Namna ya kutembea, kupita, kuingia, hatukuwangoja waje watufundishe.

Kuna dalili nyengine, nayo ni ya kuaminika zaidi. Tazama kitenzi kinaishiaje. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia na *a*: pita, toboa, zama, penya. Vya Kiarabu huja na irabu nyengine: fikiri, safiri, jibu, samehe. Vya Kiingereza navyo twavijua: kuripoti, kuchaji, kusaini. Lau tungelichukua *penetrate* tungelisema "kupenetreti", na kila mtu angelisikia kuwa ni mgeni.

Kisha tazama watoto wake. Penyea, penyeka, penyeza, penyezana, upenyo, kipenyo, penyenye. Neno la kuazima la juzijuzi halizai hivyo kwa wepesi. Ukoo mkubwa namna hiyo mara nyingi ni wa mwenyeji.

Na kufanana kwa bahati kupo duniani kote. Waajemi wana neno *bad*, na maana yake ni mbaya, sawasawa na la Kiingereza, na wataalamu wamelichunguza wakaona hayana uhusiano. Kule Australia kulikuwa na lugha ya wenyeji iitwayo Mbabaram ambamo mbwa aliitwa *dog*. Waingereza hawakuwafunza. Ilitokea tu.

FundiWaMakupa

Salaam. Mimi nachomelea vyuma mwaka wa kumi na nane sasa, na hili jambo la mpwa wako limenigusa maana ndiyo kazi yangu.

Penetration kwetu ni hivi. Ukiunganisha bamba mbili nene kichwa kwa kichwa, weldi inaweza kushika juu juu tu. Ukiiangalia yapendeza, imejipanga kama mgongo wa samaki, lakini ukigeuza nyuma waona bamba bado zimeachana. Hiyo haina penetration. Gari ikibeba mzigo itafunguka. Weldi nzuri chuma kimeyeyuka mpaka chini kabisa, na nyuma waona kimstari kimetokeza.

Sasa sikia jambo ambalo maalim hakulisema. Ili uipate hiyo, lazima uache mwanya kati ya bamba mbili kabla ya kuanza, milimita mbili au tatu hivi, na ukate kingo mshazari. Ukizibananisha bamba, moto hauna pa kushukia. Yaani bila upenyo hakuna penetration. Kwa hiyo kwenye kazi yetu hayo maneno mawili yote yapo, lakini kila moja ni kitu chake: upenyo ni ile njia niliyoiacha, na penetration ni pale chuma kilipofika.

MtafsiriWaKibokoni

Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Siku tatu nimezunguka na vitabu vya Kilatini na jibu lilikuwa Makupa.

Nikuulize: mafundi wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, hamtumii Kiingereza, mwasemaje?

FundiWaMakupa

Twasema "imeingia mpaka nyuma". Ikiwa mbaya twasema "imeshika juu tu". Kupenya kwa weldi sijapata kulisikia kwa fundi.

Ila kuna mahali kupenya kwafaa. Kwenye ukarabati wa meli wana dawa nyekundu ya kutafuta nyufa. Wasafisha chuma, wapaka ile dawa, wangoja dakika kumi au zaidi, wapangusa yote isionekane, halafu wapulizia dawa nyeupe. Kama kuna ufa mwembamba kama unywele, ile nyekundu iliyojificha ndani yatoka yenyewe ikachora mstari kwenye weupe. Hiyo yapenya kweli, maana yaingia pasipoonekana kwa jicho. Lakini sharti ufa uwe umefunguka juu. Uliofunikwa ndani haiupati.

UstadhWaMajengo

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Naleta la ngamia.

Katika Qur'ani tukufu, Al-A'raf aya ya 40, wale waliozikanusha aya na kuzifanyia kiburi hawataingia peponi mpaka ngamia apite kwenye tundu ya sindano. Kitenzi cha Kiarabu pale ni *yalija*, kutoka *walaja*, ambacho ni kuingia ndani ya kitu. Na tundu yenyewe imeitwa *samm*. Neno hilo hilo kwa Kiarabu pia ni sumu, na sumu yetu imetoka huko. Vile vitundu vya ngozi vya kutokea jasho Waarabu huviita *masamm*, kwa ukoo huo huo.

Ndugu zetu Wakristo nao wana ngamia wao katika Mathayo 19:24, akilinganishwa na tajiri. Na katika Biblia ya Kiswahili ya Union kitenzi kilichotumika kwa ngamia ni kupenya, wakati tajiri ametumiliwa kuingia. Maalim, waona jinsi mfasiri yule alivyolijua neno? Ngamia yu mbele ya wembamba, kwa hiyo kupenya. Tajiri yu mbele ya ufalme, kwa hiyo kuingia. Lau angelibadilisha, sentensi ingelianguka.

MtafsiriWaKibokoni

Wa aleikum salaam. Ustadh, hilo nimelipita mara ngapi bila kuliona. Ndiyo. Ndivyo hasa.

Kaskazi22

Samahani wakubwa, nauliza kwa heshima. Chuoni kwetu watu husema *penetrate* limetoka kwenye neno la Kiingereza la uume. Ni kweli? Maana kila mwalimu akilitaja darasa zima lacheka.

MtafsiriWaKibokoni

Usiombe samahani, swali ni la lugha.

Si kweli. Lile la uume kwa Kilatini maana yake ya kale ni mkia. Kutoka mkia huo likatoka neno la mkia mdogo, *penicillus*, ambalo Warumi walilitumia kwa brashi ya kupakia rangi, na hapo ndipo Waingereza wakapata *pencil*. Ule ukungu ambao Alexander Fleming aliuona ukiua bakteria mwaka 1928 ulikuwa umeitwa Penicillium kwa sababu ukitazamwa kwa hadubini wafanana na brashi, na dawa ikaitwa penisilini. Huo ni ukoo wa mkia na brashi. *Penetrate* ni wa ukoo wa stoo ya chakula. Na *pen* ya kuandikia ni wa tatu, watoka kwa unyoya, *penna*, maana waliandika kwa manyoya. Koo tatu zimefanana mwanzo wa jina, basi.

Waambie wenzako. Wakilijua hilo labda watamwacha mwalimu amalize sentensi.

BintiMvita

Maalim, umesema walilipata karne ya 16. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa hawatoboi kitu?

MtafsiriWaKibokoni

Walitoboa sana. Walikuwa na *pierce*, waliyoipata mapema zaidi kwa Wafaransa, baada ya kutawaliwa na Wanormandi kuanzia 1066. Lakini la kwao hasa, la ndani, ni jengine, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Ni *thrill*. Leo mtu akisema *thrill* ataka kusema msisimko. Zamani kilikuwa kitenzi cha kutoboa, kutokana na jina *thyrel*, tundu. Mkuki uli-*thrill* ngao. Baadaye likaanza kutumika kwa habari au hisia iliyomchoma mtu moyoni, na polepole tundu likasahaulika ukabaki moyo peke yake. Lakini mahali pamoja tundu limebaki limejificha, nalo ni pua. *Nostril* ni *nose* na *thyrel*, tundu ya pua. Mwingereza hulitamka kila siku, hajui kwamba amelitaja tundu.

Sisi tumefanya safari hiyo hiyo bila kuazimana. Maneno yachoma. Habari yaingia moyoni. Mtu akikutazama kwa jicho kali twasema macho yake yachoma.

Na ukitaka utajiri, njoo huku kwetu. Masikio yatogwa. Debe latobolewa. Mbao yapekechwa kwa keke. Asumini zatungwa, sindano ikipita moja moja mpaka kikuba kitimie. Mfereji ulioziba wazibuliwa. Mwiba wachoma. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ikimwekea mwanafunzi "kupenya" peke yake, imemnyang'anya yote hayo.

LamiMariakani

Niongeze la barabara. Mimi niko maabara ya vifaa vya ujenzi. Lami twaiita kwa namba ya penetration: kuna 60/70, kuna 80/100. Watu wengi hudhani ni bei au asilimia.

Namba yapatikana hivi. Lami yawekwa kwenye kopo ndogo, yakaa kwenye maji ya nyuzi 25 mpaka ishike joto hilo. Kisha sindano yenye uzito wa gramu 100 pamoja na kishikizio chake yaachiwa juu yake kwa sekunde 5. Wapima imeshuka kiasi gani, kwa sehemu za kumi za milimita. Ikiwa 80 hadi 100, sindano imeshuka milimita 8 hadi 10. Namba ikiwa ndogo lami ni ngumu, na kwa mahali pa jua kali ngumu ndiyo ipendelewayo, la sivyo malori yataichimba mifereji.

Kwa kipimo cha maalim, hapa hamna upenyo wowote. Lami haina mwanya, sindano haipiti kutokea upande wa pili. Sisi kwa Kiswahili twasema sindano yazama.

MtafsiriWaKibokoni

Yazama! Ahsante sana. Na *kuzama* twalitumia pia kwa mtu aliyezama kwenye kitabu au kwenye jambo. Kile Waingereza waitacho akili yenye *penetration* ni akili iliyozama. Fasiri nzuri ilikuwa maabara ya lami.

MkalimaniWaKorti

Nimekuwa nikisoma kimya. Nataka kusema kwa nini mjadala huu si wa mchezo.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya, Nambari 3 ya 2006, yafafanua neno *penetration* katika kifungu cha 2, na ufafanuzi wenyewe wataja kuingiza kwa sehemu au kwa ukamilifu. Hayo maneno "kwa sehemu" yana uzito mkubwa. Kesi nzima huweza kusimama juu yake.

Sasa fikiria mkalimani amekalia kamusi. Wakili auliza kwa Kiingereza, naye amgeukia shahidi amuulize kama "kulipenya". Shahidi ni mtu wa Kiswahili cha nyumbani. Kupenya kwake ni kupita kikamilifu, ni kutokea upande wa pili kama jua kwenye makuti. Aweza kujibu "hapana" kwa ukweli wake wote, na jibu hilo likaandikwa kwa Kiingereza kuwa hakukuwa na *penetration*. Hakusema uongo, na korti haikuandika uongo, lakini haki yake imepotea njiani baina ya vitenzi viwili.

Mimi huuliza kwa "kuingiza", na huongeza "hata kidogo", kwa sababu sheria yenyewe imesema hivyo. Na huuliza polepole, kwa sauti ya chini, maana aliyesimama pale tayari ameumia.

MtafsiriWaKibokoni

Dada, au kaka, sijui, ahsante. Nilipoanza uzi huu nilidhani ni habari ya mpwa wangu na daftari lake.

Nilikuwa nimepanga kuandika mengi juu ya soko na bima, lakini baada ya hayo nitasema kwa ufupi tu. Ripoti zikisema *internet penetration*, maana yake ni sehemu ya watu wanaotumia intaneti. Huo ni uenezi. *Insurance penetration* ni hesabu nyengine, ni jumla ya malipo ya bima yakilinganishwa na pato la taifa, wala hailengi idadi ya watu walio na bima. "Kupenya kwa bima" halimwambii msomaji lolote kati ya hayo. Jasusi aliyetiwa ndani ya kundi la adui, huyo sawa, amejipenyeza, maana ametafuta mwanya. Rushwa nayo yapenyezwa.

BintiMvita

Maalim, na ile methali "penye nia pana njia", penye si kupenya?

MtafsiriWaKibokoni

La, mwanangu. Hiyo ni *pa* ya mahali na *-enye*: mahali palipo na nia. Kama vile mwenye, yenye, chenye. Zimekutana sauti tu, ndani ya lugha moja. Basi waona jinsi sauti zinavyoweza kukutana hata nyumba moja, sembuse Roma na Mombasa.

FundiWaMakupa

Mwambie mpwa wako aje karakana siku moja, nimpe bamba mbili achomelee bila mwanya, kisha azipige nyundo. Halafu arudie na mwanya. Hatasahau.

MtafsiriWaKibokoni

Nimemwonyesha uzi wote jana usiku. Amekubali kuja Jumamosi asubuhi, inshallah. Kwenye daftari amekata ule mstari. Sasa pameandikwa: "mwanya kati ya bamba – upenyo, mm 2 hadi 3", na chini yake, "penetration – weldi imeingia mpaka nyuma". Pembeni, kwa penseli, ameandika "stoo ya chakula", akauliza kama mwalimu akimwuliza aeleze itakuwaje. Nimemwambia aeleze.